Misumari Saba Nyuma ya Jiko

Doha, Jumatatu

Mama mpendwa,

Goti lako linasemaje siku hizi za mvua? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa ama bado anatuzungusha? Mimi ni mzima, ila joto la huku linachemsha mtu na nguo zake.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako inashikwa na ndugu yangu Onchari. Uliponieleza juzi habari za yule omoriori aliyekuja kufukua uchawi bomani, nilimsikia akikunong'oneza la kusema. Barua hii anaileta mwenzangu wa Marani anayerudi likizo. Isome ukiwa peke yako.

Ulisema alichimba kidogo nyuma ya jiko, akaingiza fimbo yake ya chuma, ikatoka imeshika misumari saba. Kisha akaiamuru iachilie, ikaachilia. Ulisema pia fimbo ina waya unaoingia ndani ya koti. Mama, uchawi gani huo unaotumia betri?

Hapa nafanya kazi kwenye yadi ya vyuma kuukuu. Tuna winchi yenye sahani kubwa ya chuma, na ndani yake kuna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana. Dereva akiwasha umeme, sahani inageuka sumaku na kunyakua gari zima. Akizima, gari linaanguka. Sufuria za alumini haizishiki hata kidogo. Hakuna anayenuiza chochote, ni swichi tu.

Jaribu mwenyewe. Chukua msumari mrefu, uuzungushie waya mwembamba wenye plastiki, mizunguko kama hamsini, umenye ncha zake mbili na kuzigusisha kwenye betri ya tochi. Utainua pini zako za kushonea. Usishikilie sana, waya hupata moto. Ukiondoa betri, pini zinaanguka. Basi na wewe tukuite mchawi?

Fimbo sina shida nayo. Ninachojiuliza ni nani alimwonyesha pa kuichomeka. Boma lote lile, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko la mama mdogo Bosibori, na Onchari amemsumbua mjane huyo miaka mingi amwachie shamba lake la majani chai. Sasa Alhamisi mtu wa fimbo anarudi kumtaja mwenye misumari mbele ya watu. Unajua kwetu mtu akishatajwa kuwa mchawi hufanywa nini. Naogopa, Mama.

Ulisema misumari ina vichwa vipana kama kofia. Hiyo ni ya mabati. Kumbuka tulipoezeka jiko hilo na marehemu Baba, mkebe wa misumari ukamwagika matopeni, Baba akafoka hadi Ekerenyo wakasikia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Msalimie shangazi wa Daraja Mbili na ndizi zake. Msalimie mzee wa kanisa, na umwombe awe hapo nyumbani Alhamisi mapema. Mama mdogo Bosibori msalimie zaidi ya wote, maana ndiye aliyetushikia ngazi siku ile.

Onchari usimpe salamu zangu. Muulize tu, mbele ya watu hao hao, mkebe ulimtoka nani mkononi.

Mwanao,
Nyakundi