Juisi ya Rozela na Moshi wa Pikapu

Mama, shikamoo.

Kwa huzuni na heshima zote nakutangazia kwamba shati jeupe la bosi wangu limetutoka. Lilikuwa shati jema.

Goti lako limekubali kupanda kile kilima cha kisimani, au bado mnagombana? Mimi mzima, ila baridi ya huku Arusha haina adabu.

Sasa sikia. Mzee mmoja wa Kimeru, analima kahawa huko juu ya Tengeru kama sisi Mbinga, alileta pikapu gerejini kwetu Kwa Mrombo. Haivuti. Bosi wetu, Mchaga tunayemwita Mangi, akaisikiliza kidogo tu, akahukumu: "Tunashusha injini." Mimi nikaropoka kwamba ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, imeziba.

"Umeona?"

"Nitapima, Mangi."

"Pima. Ukikosea, Jumatatu usije."

Nikatafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nikaukunja kama herufi U juu ya ubao, nikatia juisi nyekundu ya rozela ili macho yasihangaike. Ncha moja nikaiunga kwenye ekzosi, karibu na injini, kwa kipande cha bomba la shaba. Moshi ukisukuma, juisi inapanda, nasoma kwa rula.

Loi, fundi mwenzangu, akaita watu: "Njooni, gari linapimwa presha! Muulizeni kama lina kisukari!"

Nilichosahau, mama, ni kwamba moshi hautiririki kama mto. Unatoka kwa mapigo, pu-pu-pu, kila silinda na zamu yake. Juisi ikacheza, ikacheza, ikaruka hadi kifuani kwa Mangi.

Nikaubana mpira kwa kibanio cha nguo, njia ikawa finyu, juisi ikatulia. Nikapima kwanza pikapu ya jirani isiyo na kasoro: juisi ilipanda vidole viwili. Ya mzee, kutoka kiganjani hadi kiwikoni.

Tukaishusha ekzosi yote. Injini ikanguruma hadi kuku wakakimbia. Tukaigonga ekzosi chini, yakadondoka magunzi mawili ya mahindi.

"Ayaa!" mzee akasema. "Hayo ni ya mke wangu, mama yenu. Gari likikaa wiki anaziba hilo bomba, nyigu wasijenge. Nikajua ameshayatoa."

Jumatatu niliingia kazini, na Mangi sasa ananiita Daktari.

Nisalimie dada mshona sare, na baba mdogo mpiga kengele wa kanisa.

Mwanao,
Osmundi

Nimesahau: gunzi moja lilikuwa linachungulia nje kwenye mdomo wa ekzosi. Siku mbili zote gari liko kwetu, hakuna aliyeinama.