Kabla Hujaniosha

Bwiza, Bujumbura

Mdogo wangu Houda,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima hapo mtaani Asiatique, pamoja na mwanao Hamood, na goti lako liwe limepoa sasa mvua zimepungua. Mimi moyo unazidi kuchoka. Nikitoka kitandani hadi mlangoni, lazima nikae. Usishangae kuandikiwa na mtu unayemtembelea kila Ijumaa. Ijumaa iliyopita nilitaka kusema, ukaanza kunikunjia nguo, nikanyamaza.

Umeniahidi kwamba nikifa utaniosha kwa mikono yako, kama tulivyomwosha mama. Ndiyo sababu naandika.

Unakumbuka kikao cha nyumbani kwako. Nura, mke wa Hamood, alikuwa ameota vinyama sehemu za siri. Hamood alikwambia, nawe ukatuita wanawake wa ukoo, ukasema masundosundo hayamwoti mwanamke aliyetulia. Na kwa kuwa kwao wanauza mboga sokoni Jabe, ukasema arudi akauze shufleri zake, yale maua meupe ya kabichi, maana vinafanana. Wanawake walicheka. Hata mimi nilitabasamu, Mungu anisamehe. Nura hakulia. Alinigeukia mimi niliyemfundisha kusoma, akasema, "Mama mukubwa, mi sijajua mwanaume mwingine. We unanijua. Waambie."

Nikatazama zulia. Jioni ile akarudishwa kwao na sanduku lake.

Baadaye alikuja kwangu akitembea kwa shida. Jirani alikuwa amemshauri apake maji ya betri, yakamchoma vibaya. Tulichukua teksi hadi kwa Dokta Consolée, daktari wa wanawake. Alimtibu kwanza vidonda, kisha akatueleza kwa upole. Alisema vinyama hivyo huletwa na kirusi kinachopita ngozi kwa ngozi watu wanapokutana kimwili. Kinaweza kujificha mwilini miezi, hata miaka, kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa nani kamwambukiza nani. Hamood anaweza kuwa nacho na asiwe na hata kipele.

Nilimuuliza kuhusu vidonge tunavyonunua famasi. Akasema antibiotiki hazifanyi kitu hapo. Kuna dawa ya kupaka, ile ya huko chini hasa, si ya sunzua za mikononi, au daktari anavigandisha kwa baridi au kuvichoma. Hata hivyo vinaweza kurudi, kwa sababu tiba inaondoa vinyama tu, kirusi kinaachiwa mwili upambane nacho. Akasema pia kwamba kwa kawaida si aina hii ya kirusi inayoleta saratani ya mlango wa kizazi, lakini kila mwanamke apimwe saratani hiyo. Vya Nura vimekwisha. Moyo wake sijui.

Siku ile, Nura alipotoka, mimi nilibaki ndani na daktari.

Houda, mimi ninavyo. Vilinitokea mara ya kwanza nikiwa bado mke mpya wa Nasser, nikaaga kwamba nakwenda harusini Kigoma, kumbe nakwenda kutibiwa. Vikapotea. Nasser akafa, nimezeekea ujaneni, hakuna mwanamume aliyenigusa tangu hapo, nawe ni shahidi. Mwaka huu mwili uliponiishia nguvu, vikarudi. Siku ya kikao chako, mtoto yule aliponiomba niseme, nilikuwa nimevikalia.

Utakapofunua shuka utaviona. Najua ungenisitiri, kwa sababu mwoshaji hasemi alichokiona, na kwa sababu mimi ni dada yako. Nimelala na jambo hilo siku nyingi: mimi ningesitiriwa maiti, yeye mkamwanika hai.

Sitaki kusitiriwa. Waite wanawake walewale, umwombe Nura radhi mbele yao, uwasomee barua hii nikiwa bado hai wa kuulizwa. Akikataa kumrudia Hamood, msimlazimishe. Ukiona huwezi, basi usije kuniosha. Nimemwomba Nura mwenyewe anioshe. Akaniambia nisihofu, atafanya polepole.

Mwambie Hamood naye aende kwa daktari. Wasalimie wote hapo nyumbani, na Mungu akulinde, mdogo wangu. Sina hasira nawe. Nakungoja, ila pumzi inapungua.

Dada yako,
Radhia