Kobe na nyota zisizokuja

Tangazo rasmi, pacha. Leo Mheshimiwa Mbunifu Mkuu wa bweni letu amezindua mchezo wa bahati kwenye kompyuta ya klabu ya shule. Nyota tatu zikijipanga, unapata bonasi. Dau ni biskuti, na ukikosa, anaila Mheshimiwa.

Mheshimiwa ni mimi, usicheke.

Sasa siri. Ukiweka biskuti tano, nyota huja upesi. Ukiweka moja, haziji kabisa. Mheshimiwa aliupanga mchezo hivyo makusudi ili watu wapandishe dau.

Kobe, kama tunavyomwita yule anayelala kitanda cha chini ya Mheshimiwa, akaweka moja moja mpaka pakiti aliyoletewa na bibi yake ikakaribia kwisha. Wala hakulalamika. Alisema tu, "Labda nina nuksi tangu kuzaliwa."

Nuksi, pacha. Tangu kuzaliwa.

Ilipobaki moja, akamwita Mheshimiwa. "Wewe una mkono wa heri. Nibonyezee."

Akabonyeza. Patupu.

Kobe hakuwa akitazama kioo cha kompyuta, alikuwa akimtazama yeye. "Mbona hukuangalia kama nyota zitakuja?"

Mheshimiwa akakohoa.

"Ulijua, siyo?"

Nilijua, pacha. Nikamwambia nilijua, na biskuti yake ya mwisho bado ilikuwa mdomoni mwangu.