Ulinifundisha Kutazama Mikono

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo huko uliko. Leo nimefika nyumbani kwetu Msambweni, nikaketi ukumbini na kucheka peke yangu hadi jirani akachungulia.

Nimekumbuka nilipokuja na simu za kazini, mie na majivuno yangu, kujaribisha ile programu ya akina mama waja wazito kujiandikishia siku za kliniki. Ilikuwa karibu kupelekwa zahanati zote za Kwale. Ikiwa na kasoro, mama wa watu angedhani ameandikishwa, kumbe hayumo.

Ukaniitia wanawake wa mtaa. Wakaandika majina yao, kisha wakatulia na simu mkononi, kama mtu aliyepiga hodi akingoja kukaribishwa. Nikauliza, "Vipi, imewapendeza?"

"Nzuri sana mwanangu, mashallah, Mungu akuzidishie!" Wote hao. Furaha niliyokuwa nayo!

Walipokwenda zao ukaniletea mahamri.

"Wamekwambia nzuri?"

"Wote, mama."

Ukaguna. "Umewaletea kazi ya mikono yako, tena wamekunywa chai yako. Ulitaka wakwambie nini? Kesho usiwaulize kitu. Watazame mikono."

Nilinuna, wajua ninavyonuna. Lakini kesho yake nikafunga mdomo. Jirani yetu Mwanasha, na tumbo lake la miezi saba, akaandika jina. Kidole kikabaki hewani, kikazunguka, kikarudi mapajani. Ala! Herufi za kuandikia zinazojitokeza kwenye kioo zilikuwa zimekifunika kitufe cha kuendelea. Masikini, hakuwa na pa kubonyeza, naye yuatabasamu tu asinivunje moyo.

Mie na wenzangu wa kazini tulikihamishia kitufe juu, nikamrudia. Safari hii akafika mwisho, akaiona siku yake ya kliniki, akapiga kigelegele. Nawe ukajitia kuosha vikombe nisikuone unavyocheka.

Tangu hapo mdomo wa mtu siuamini upesi. Hata biriani yangu ya kwanza, uliyoisifu mbele ya wageni, nimekumbuka ulivyokuwa ukishika gilasi ya maji kila tonge. Wallahi, mama!

Na ulipolazwa, nami nina safari ya kurudi kazini Nairobi, ukaniambia kwa sauti nzuri kabisa, "Nenda mwanangu, mie sijambo, alhamdulillahi." Kidogo nikuamini. Mkoba ulikuwa begani tayari. Kisha nikatazama mkono wako: ulikuwa umeshika ncha ya leso niliyojitanda.

Nikauweka mkoba chini. Sikwenda, mama. Nilikuwepo mpaka dakika yako ya mwisho, na kwa hilo namshukuru Mungu kila nikisali.

Nakukumbuka sana, lakini sina kinyongo na dunia. Mwanasha alijifungua salama, na mtoto wake sasa ndiye mharibifu wa maua yako. Mungu akulaze pema. Nami nikisema sijambo, usiniamini hivi hivi: nijie ndotoni uitazame mikono yangu. Imetulia.

Kifungua mimba wako