Kiti cha Puan Rosnani

Kuala Serai, Malaysia
4 Machi 2023

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako halikusumbui sana msimu huu wa mvua. Mimi sijambo. Nakula wali asubuhi, mchana na jioni, na joto la huku limeninyoosha.

Najua utashangaa. Tangu Krismasi ya 2018 sijakuandikia wala kupokea simu yako. Leo sitaki kulizungumza hilo. Nataka kukusimulia habari za mtu mmoja tu, maana kila nikimwona nakukumbuka wewe, na nimechoka kukukumbuka kimyakimya.

Nipo katika mji mdogo wa wavuvi, nafanya utafiti wa shahada ya pili juu ya kombe, wale wadudu wa gamba wanaofugwa kwenye tope la pwani. Mwakilishi wa watu hapa ni Puan Rosnani. Puan ni kama kusema Mama. Yumo kwenye bunge la jimbo, kwa kuwa huku kila jimbo lina bunge lake dogo. Baba yake alikuwa mgema utomvu wa mpira. Yeye alifundisha shule ya msingi kama wewe, kimo chake ni chako, na akisema hahitaji kipaza sauti.

Miaka ya nyuma kiwanda fulani kilimwaga uchafu mtoni, kombe wakafa wote. Aliandika barua kumi na moja, hakujibiwa hata moja. Siku ya kikao akaingia na ndoo mbili, akamwaga kombe waliooza juu ya meza ya kamati. Inasemekana harufu ilikaa ukumbini siku nne. Walimfungia vikao miezi sita na magazeti yakamwita mwendawazimu. Uchaguzi uliofuata alipata kura mara mbili ya zile za mwanzo.

Juzi alinikuta napima tope, akakunja suruali akaingia nami mpaka magotini. Akaniuliza watu wa kwetu wanakula samaki gani. Nikamweleza usipa, dagaa wa ziwa letu, jinsi tunavyowaanika na jinsi kunguru wanavyotutesa. Alisikiliza mpaka mwisho, Shangazi, bila kunikatiza.

Nijibu ukipenda.

Mwanao,
Hilda


Lituhi
19 Machi 2023

Mwanangu Hilda,

Marahaba. Milele, amina. Goti lipo, nalo linajua mvua inakuja kabla ya watu wa hali ya hewa. Usipa wamejaa mwezi huu mpaka bei imeanguka, watu wanalalamika kwa kushiba. Naandika kwa kalamu kisha nakupigia picha, kwa sababu vidole vyangu na zile herufi za simu havipatani.

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza sikuelewa kitu, nilikuwa natazama mwandiko wa jina lako tu hapo chini.

Huyo mama nimempenda. Ndoo mbili! Mimi katika udiwani wangu wote sijamwaga hata glasi ya maji mezani kwa mtu. Niulizie mambo mawili. La kwanza, je, ana mume, na mume anasemaje nguo zikirudi na harufu ile? La pili, ile miezi sita aliyofungiwa alikuwa anafanya nini? Mtu wa namna hiyo hakai nyumbani akasuka mikeka.

Wewe kula hata mboga, usile wali mtupu. Na unikumbuke kwa sauti sasa, usinikumbuke kimya.

Shangazi yako,
Walburga


Kuala Serai
11 Juni 2023

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Salamu zangu leo ni fupi, unisamehe.

Ana mume, ni fundi wa mashine za boti, na nguo zile alizifua yeye mwenyewe. Ile miezi sita Puan Rosnani alizunguka kijiji kwa kijiji akiandika majina ya waliopoteza mashamba ya kombe. Hayo ndiyo uliyoniuliza.

Sasa na mimi nina la kwangu. Wiki iliyopita nilimsikia kijana wa gengeni akimwita katak. Nikauliza maana, wakacheka. Katak ni chura. Huku mwanasiasa anayeruka kutoka chama kimoja kwenda kingine anaitwa hivyo. Kumbe miaka saba iliyopita Puan Rosnani alikiacha chama kilichomlea, akahamia upande wa serikali. Mwezi huohuo ukuta wa kuzuia mawimbi ukaanza kujengwa bandarini.

Nililia, Shangazi. Nililia chumbani kwa watu, ugenini, kwa ajili ya mwanamke asiye ndugu yangu. Kisha nikajua si yeye niliyekuwa namlilia.

Mwaka 2015 nilitembea na wewe nyumba kwa nyumba Lituhi, tukikuombea kura, mpaka viatu vikafunguka soli. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilibeba kipaza sauti. Niliimba mpaka nikakosa sauti ya kujibu maswali chuoni. Halafu 2018 nipo jikoni kwa baba, Kitura, nachambua maharage, nasikia redioni kwamba diwani Walburga amerudisha kadi na kujiunga na wale tuliokuwa tunawapinga. Redioni! Kuhama ni kuhama, watu wanahama. Kwa nini hukuniambia mimi?

Hilda


Lituhi
3 Septemba 2023

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nina afya. Nimechelewa, na si kwa sababu ya mtandao. Nimeandika barua hii mara sita na kuichana mara tano.

Unamkumbuka Tunu, mke wa Masoudi wa dukani? Aprili 2017 alishikwa na uchungu, wakambeba kwenye kitanda mpaka kijito cha Nkalachi, na kijito kilikuwa kimejaa. Walikaa ng'ambo ile kwa muda wa saa tisa wakisubiri maji yapungue. Mimi nilikuwa ng'ambo hii na nesi. Tulikuwa tunasikia kila kitu. Tunu alipona, mtoto hakupona.

Nilikuwa nimeiomba serikali daraja la kijito kile miaka miwili. Baada ya hapo niliomba kama mwehu. Mwishowe mkubwa mmoja, sitamtaja, akaniambia kwa upole kabisa: mama, wewe njoo upande huu, na daraja litakuja. Nilikaa na neno hilo mwaka mzima. Kisha nikaenda. Daraja likajengwa, na tangu lijengwe hakuna mama aliyelala ng'ambo ile. Lakini sikuachwa salama. Mpaka leo wapo wanaotema mate nikipita, na baadhi yao ni watu niliowafundisha kusoma.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu ungenizuia, na ningekusikiliza. Ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine.

Na kuna jambo hujui. Krismasi ileile ya 2018 nilipanda Kitura kuja kwenye sengu, kikao chetu cha ukoo. Babu yako ndiye aliyenipa nafasi pale, mwanamke wa kwanza wa ukoo wetu kukaa kwenye kigoda chake na kula na wazee, kisha kusemwa au kusema. Nilijua nitasemwa, na nilikuwa tayari. Nilifika mpaka kwenye mibuni ya mwisho, nikaona uani vigoda vimepangwa, na changu kimeegemezwa nje ya uzio. Basi kaka yangu, baba yako Augustino, alikuwa amenijibu kabla sijamsalimu. Niligeuka nikashuka na basi la mchana. Sijasema naye tangu siku hiyo. Hata alipofanyiwa upasuaji, sikwenda.

Niambie huyo Rosnani aliwaambia nini watu wake. Nauliza kwa kutaka kujua.

Shangazi yako,
Walburga


Kuala Serai
22 Oktoba 2023

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba uwe umekaa.

Nianze na swali lako. Nilimfuata Puan Rosnani nyumbani, nikamuuliza aliwaambia nini. Akasema: sikuwaambia kitu, niliwaacha waniambie wao. Kila mwaka, tarehe ileile aliyohama, huenda sokoni na kiti cha plastiki, anakaa kati ya meza za samaki tangu asubuhi. Mwenye neno anasema. Yeye hajibu mpaka wote wamalize. Mwaka wa kwanza mzee mmoja alimmwagia maji ya samaki, akajifuta akabaki amekaa. Mwaka wa nne walisema shemeji yake amepata kazi ya kujenga ule ukuta. Yeye alikuwa hajui. Alitoka pale akapeleka mwenyewe majina na karatasi kwa wachunguzi, shemeji akafungwa, na dada yake mpaka leo hampokei. Siku zote nilidhani mtu shujaa ni yule asiyekosea. Huyu alikosea mchana kweupe, na kila mwaka anarudi kukaa palepale.

Agosti kulikuwa na uchaguzi. Ameshindwa kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Tarehe yake ilipofika, mwezi huu, nilidhani hataenda, si mjumbe tena. Nilimkuta ameshakaa. Yule mzee wa maji ya samaki alimletea chai.

Nikasimama kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika sikuwa na la kumlaumu, nikajikuta namweleza habari zako. Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja: na wewe, kiti chako umekiweka wapi?

Shangazi, baba hakukitoa kigoda chako. Nilikitoa mimi. Asubuhi ile walipokuwa wameenda misa nilikibeba mwenyewe nikakiegemeza nje ya uzio, nikarudi ndani kupika. Baba aliporudi alikiona, akanigombeza, akakirudisha mahali pake. Tulikusubiri mpaka ugali ukapoa. Wewe ulikuwa umeshashuka. Kila mwaka anakiweka, na kila mwaka anauliza kwa nini dada yake hataki kuja, na mimi nanyamaza.

Sijui kama hili linasameheka. Naomba msamaha.

Mwanao, kama bado,
Hilda


Kitura
27 Desemba 2023

Hilda mwanangu,

Hujambo? Sisi huku tu wazima, mahindi yako magotini, na mibuni ya baba yako imebeba vizuri. Ndiyo, sisi. Tazama vizuri pale juu nilipoandika mahali.

Barua yako nimekaa nayo wiki tisa. Nilikasirika, sitakuficha. Miaka mitano nimemnunia kaka yangu kwa kosa lako. Alipasuliwa tumbo mimi nipo Lituhi naanika usipa. Kuna siku nilishika simu nikutukane, nikakosa tusi linalokutosha. Halafu nikakumbuka kwamba mimi nilikupa redio ikuambie habari zangu, nawe ukanipa kigoda kinijibu. Tumefundishana vibaya wenyewe kwa wenyewe.

Mwezi uliopita nilifanya kama huyo mama yako wa huko, ila si sawasawa. Kumkalisha mtu kwenye plastiki watu wamseme na njaa, hilo kwetu halipo. Nilipika sufuria tatu za ugali na usipa, nikazipeleka darajani Nkalachi, nikatangaza kwamba mwenye neno na mimi aje. Walikuja wengi kuliko chakula. Walikula kwanza. Kisha wakanisema mpaka jua likaenda. Masoudi alisema mwisho. Alisema: mama, daraja hili napita kila siku na mke wangu anapita, lakini ulituuza bila kutuuliza, tungekuruhusu kama ungetuuliza. Nikamjibu kwamba ni kweli, sikuwauliza. Tunu akaja akachukua sufuria, akaenda kuziosha mtoni.

Mwambie Puan Rosnani hayo. Mwambie kuna mwanamke kando ya ziwa asiyemjua, anamheshimu kuliko wakubwa wake wote, kwa ajili ya kile kiti kuliko hata zile ndoo.

Baada ya hapo nilikuwa nimebakiza mlima tu. Juzi Krismasi nilipanda. Kigoda changu kilikuwa mahali pake, kimefutwa vumbi. Baba yako alinyanyuka akaninawisha mikono, yeye mkubwa na mimi mdogo. Tulikula. Tulipomaliza niliwaambia wote ukweli wa kigoda, kwa kuwa hawakuujua. Baba yako akaenda stoo akatoka na kipande cha mninga alichokiweka siku nyingi, na tangu jana anachonga kigoda kipya. Anasema ni kidogo kwa mzee, kinamtosha msichana.

Basi maliza hao kombe wako urudi. Utasemwa, mwanangu, na nitaanza mimi. Ila utakula kwanza.

Shangazi yako,
Walburga