Nani Ataitikia Mgao wa Nyumba Yetu

Sulimaniyah, Riyadh
6 Machi 2015

Mdogo wangu Rosebellah,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto na vumbi. Mimi mzima, isipokuwa tumbo, ambalo siku hizi linafika mlangoni kabla yangu. Wewe waendeleaje huko Kandara, Jeddah? Madam wa saluni bado anawanyima chai? Na mgongo je?

Barua hii naileta kwa mkono wa Laban, dereva wa lori la maziwa, kwa sababu nikikutumia sauti kwa simu itasikika kwetu ufuoni Mulwanda kabla wewe hujaifungua. Kuna habari sitaki Dominic aipate mapema.

Mama amepiga. Mwaka huu ni msimu wa tatu. Laban aliponiuliza msimu wa nini, ilibidi nimweleze kuanzia mwanzo, naye akabaki ameshika usukani mdomo wazi. Nikamwambia: ziwa letu lilipochoka, ushirika ulikubaliana kila nyumba yenye mtumbwi ipewe mgao wake, kreti kadhaa za mbuta kwa wiki. Asiye na mgao, samaki wake hapandi mizani. Kila tarehe moja Agosti, ziwa linapofunguliwa, katibu husoma majina ya nyumba. Mtu wa nyumba huitika, huingia mtumbwini na kutega wavu wa kwanza. Asipokuwepo, jirani anaweza kumwitikia, kwa wema tu, kama Baba alivyokuwa akiwaitikia wagonjwa. Ila jirani akiitikia misimu mitatu mfululizo, mgao unakuwa wake.

"Na jirani yenu ni nani?" Laban akauliza.

Dominic! Wakala huyo huyo aliyetuleta Arabuni. Kwa mkono mmoja anatupandisha ndege, kwa mkono wa pili anaitikia majina yetu. Nyumba tisa, Rosebellah, zote za wanaume aliowaleta Riyadh. Vijana wake ndio wanaotega. Yeye mwenyewe hajui wavu unaanzia wapi. Nasi kwa ujanja wetu tukamshukuru! Mmoja alimpelekea saa ya mkononi. Mimi nilimpelekea tende na kanzu.

Nimemwomba bosi likizo. Alicheka mpaka akakohoa. "Protus, mbele ya Idi? Likizo mafi, hakuna!" Pasipoti anayo yeye, na ikama yangu, kibali cha kukaa huku, inaisha mwakani. Nifanyeje?

Kaka yako,
Protus


Kandara, Jeddah
19 Machi 2015

Kaka Protus,

Namshukuru Mungu kwa uzima wangu na wako, na wa hilo tumbo pia. Mgongo unauma nikiinama tu, na kazi yangu yote ni kuinama, kwa hiyo hesabu mwenyewe.

Mlimpelekea tende! Mtu anawachukulia ziwa nanyi mnamchagulia zilizotolewa kokwa! Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikaangusha chupa nzima ya shampuu ya madam.

Unauliza ufanyeje, na jibu umeliandika mwenyewe. Mtu wa nyumba. Hukuandika mwanamume wa nyumba. Mama na nyonga yake hawezi kuingia mtumbwini, hilo naelewa. Nyonga zangu mimi ni nzima. Mkataba wangu unaisha baada ya Idi. Madam anataka nibaki miaka miwili zaidi, na ameniahidi chumba cha peke yangu. Hujui maana ya chumba cha peke yako mkiwa mnalala wanawake saba na feni moja. Nilikuwa nimekaribia kukubali.

Lakini nani alikuwa akipiga kasia na Baba? Wewe ulikuwa unatapika mtumbwi ukiwa bado umefungwa. Baba akikushusha alinipandisha mimi, na tukirudi alinishusha nyuma ya matete ili watu wasione binti ametoka na wavu. Samaki walijua. Watu ndio hawakujua.

Nitakwenda kuitika. Ila sikiliza, kaka. Siendi kukushikia nafasi mpaka urudi. Katibu huandika jina la aliyeitika, nami nikiitika naandikwa mimi. Unakubali au hukubali? Jibu hilo kwanza, vichekesho baadaye.

Dada yako,
Rosebellah


Sulimaniyah, Riyadh
10 Aprili 2015

Mdogo wangu,

Natumaini mgongo umetulia na madam amesamehe shampuu. Mimi salama, ila nimeanza kutembea kuzunguka mtaa ili nipungue. Jana nilizunguka mara moja, nikakaa nje ya duka la shawarma kupumzika, na mapumziko yakanishinda nguvu.

Ijumaa tulikutana wote tisa kwenye mkahawa wa Waganda. Nikawaambia kwamba dada yangu anafikiria kwenda kuitika. Mezani kukawa fujo.

"Mwanamke mtumbwini? Samaki watahama!" mmoja akang'aka.

"Wahamie wapi?" nikamuuliza. "Uganda? Nusu yao wanalala huko."

Mwingine akasema tumwamini Dominic, maana aliahidi kurudisha. Nikamuuliza aliahidi lini. Akasema hakuahidi hasa, ila alikuwa na sura ya mtu anayeweza kuahidi. Hawa ndio wenzangu, dada.

Sasa nakusihi usikimbilie kuacha kazi. Chumba chako peke yako si kitu kidogo. Na hilo la jina tutalizungumza taratibu ukishaitika. Kwani jina lina haraka gani? Mgao ni wa nyumba ya Wandera, nami ni mwanawe wa kwanza, na wewe ni wangu na mimi ni wako. Kula vizuri.

Kaka yako akupendaye,
Protus


Kandara
24 Aprili 2015

Protus,

Hujambo. Mimi sijambo.

Umeniandikia habari za shawarma, za mkahawa na za samaki kuhamia Uganda. Swali langu umelizunguka kuliko ulivyouzunguka mtaa. Sitakuandikia tena mpaka ulijibu.

Rosebellah


Sulimaniyah, Riyadh
25 Julai 2015

Mdogo wangu Rosebellah,

Salamu, popote ulipo. Afya yangu ni nzuri, na ndiyo kitu pekee kizuri nilicho nacho wiki hii.

Laban amenirudishia barua zangu zote mbili, ile ya Mei na ile ya Juni, ambazo uliziacha kitandani. Kitanda chako Kandara kinalaliwa na msichana wa Kakamega. Anasema ulipigiwa muhuri wa khuruji, wa kuondoka nchini, siku chache baada ya Idi, na kwamba madam alilia, kisha akakukata mshahara wa mwezi kwa sababu umemliza. Simu yako haipatikani. Mama naye nikimpigia ananiuliza tumbo langu linaendeleaje, kisha anasema maharage yanaungua. Maharage gani yanaungua kila siku saa ile ile?

Katika barua zile nilikueleza kwa nini ni vizuri jina libaki langu. Nimezisoma tena leo. Niliandika kwa ufasaha sana, lakini sikuona sababu hata moja ndani yake. Nimezitia kwenye pipa la taka la bosi.

Barua hii naituma kwa anwani ya Mama. Kama hutaki kuniandikia, hata tusi litanitosha.

Kaka yako,
Protus


Mulwanda
9 Agosti 2015

Kaka Protus,

Habari za siku nyingi? Sisi hapa ni wazima. Mama anakusalimu, na anaomba radhi kwa maharage.

Nilifika siku kumi kabla ya ufunguzi. Nilizipitia zile nyumba nane za wenzako. Nikawaambia wanawake: waume zenu wanaosha magari ya watu Riyadh huku jina la nyumba zenu likiitikiwa na mtu ambaye hajawahi kuparua samaki. Mwitike wenyewe. Wawili walikuwa wamekwisha kupewa sukari na Dominic. Mmoja alinifungia mlango. Mwingine alisema atakuja, hakuja. Wanne walikuja. Mikono yangu ilikuwa laini kwa sabuni za saluni, ikachubuka siku ya kwanza ya mazoezi. Ya pili nikaifunga vitambaa.

Tarehe moja Dominic alikuja amevaa kanzu yako. Imemkaa vizuri, hongera. Katibu Valentine akasoma, "Nyumba ya Wandera!"

"Yupo!" akasema Dominic.

"Nipo!" nikasema mimi, na kasia mkononi.

Dominic akacheka. "Huyu aliolewa. Si wa nyumba hiyo."

"Niliolewa, nikarudi," nikamwambia. "Mahari ilirudishwa nawe ulikuwepo. Ulikula paja la kuku."

"Mwanamke haingii na wavu!"

Hapo Eucabeth, yule mama wa mapacha, mmoja wa wale wanne, akapaza sauti: "Na wewe ingia basi! Ingia sasa hivi na hiyo kanzu tukuone!" Watu wakavunjika mbavu. Katibu akavaa miwani, akasoma kanuni mara mbili, akasema, "Imeandikwa mtu. Huyu ni mtu."

Nikaingia. Kaka, nilipofika kwenye kina niliogopa kwamba wataona woga wangu. Lakini wavu ulishuka sawa. Niliporudi sikushukia nyuma ya matete. Nilishukia mbele ya wote.

Wale wanne nao walitega. Nyumba nne nyingine zimekwenda, ni za Dominic sasa, na waambie wenyewe wenzako, mimi sina moyo huo.

Mambo hayajaisha. Dominic amepeleka malalamiko kwamba mwana wa kwanza hakuniruhusu. Katibu ameniandika kwa penseli. Anakungoja wewe mpaka mwisho wa mwezi. Ukisema hukubali, msimu wa tatu unahesabiwa kwa Dominic na mgao umekwenda. Ukikubali, ni wangu, si wa kukurudishia.

Sikusihi. Nilikuuliza mwezi wa tatu.

Dada yako,
Rosebellah


Sulimaniyah, Riyadh
30 Agosti 2015

Dada yangu Rosebellah,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa Eucabeth na mdomo wake. Mimi sijambo. Nimepungua kidogo, na safari hii si kwa kutembea.

Dominic alinipigia jana nikiwa nimeegesha gari la bosi nje ya duka la vitambaa, madam mkewe akiwa ndani. Alianza na salamu ndefu, akaulizia afya yangu, akaisifu kanzu. Kisha akasema, "Bwana Protus, dada yako amekuaibisha mbele ya watu. Sema neno moja tu, kwamba hukumruhusu. Mgao nitauandikisha tena kwa jina lako, vijana wangu wavue, wewe ukae zako Riyadh. Hutainua hata kidole."

Nitakuwa muongo nikisema sikuwaza. Kutoinua kidole ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Niliwaza jina langu limekaa pale ushirikani miaka yote hiyo na halijawahi kulowa hata siku moja. Nikakuona nyuma ya matete, na Baba anakunong'oneza upite njia ya mashambani. Nilikuwa nikijua, Rosebellah. Nilikuwa nakuja kukupokea kasia ili nionekane nimelitoa ziwani mimi.

Madam akagonga kioo, "Yalla, Protus, yalla!" Nikamwonyesha mkono angoje. Miaka mitatu sijawahi kumngojesha.

"Dominic," nikasema, "sitasema neno hilo. Leo sitasema, na mwisho wa mwezi hutalisikia."

"Kwani wewe si mtu wa nyumba hiyo?"

"Mtu wa nyumba hiyo ameshaitika. Halas, imekwisha."

Nikakata. Kabla madam hajafunga mlango wa gari nilikuwa nimempata Valentine, nikamwambia afute ile penseli na aandike kwa wino. Akauliza aandike jina gani. Nikamwambia lile lile alilolifuta.

Ikama yangu ikiisha mwakani nitahitaji kazi. Naomba unifikirie. Usiniweke mtumbwini, unajua sababu. Nitashona nyavu nikiwa nchi kavu, na ndoo karibu.

Na Dominic umwambie anirudishie kanzu yangu.

Kaka yako, mwombaji kazi,
Protus