Jina la Kwenu Juu ya Jiwe

Mke wangu Nekesa,

Tangu asubuhi sijakaa. Naenda jikoni, narudi dirishani, naishika fomu ya jiwe la kaburi lako kutoka kwa mchonga mawe, naiweka. Binti yetu Nanjala ataipitia saa kumi akitoka kazini hospitalini, hapa hapa mjini Maplewood, Marekani. Ameshaijaza: jina lako, kisha langu kama jina lako la ukoo. La baba yako, Simiyu, halimo.

Unakumbuka Edinburgh, mwaka ule niliposomea historia? Nilikuzungusha kwenye kasri la wafalme wa Uskoti, nikikueleza dari zilizonakshiwa na ngazi za mawe, mpaka ukasema, "Mwalimu, miguu yangu haisomei shahada." Tukashuka mtaani, kwenye nyumba za mawakili na wasomi wa zamani waliojenga karibu na kasri ili waonekane watu wa mfalme. Juu ya mlango mmoja walichonga herufi za majina ya mume na mke. Nikaeleza tena, maana sijui kunyamaza: zama zile mwanamke wa Uskoti aliolewa akabaki na jina la kwao. Ukanyoosha mkono, ukaligusa jiwe.

"Kumbe huyu hakufutwa," ukasema.

Miaka mingi baadaye tukahamia Marekani, na fomu zetu nikajaza mimi. Nikakuandika kwa jina langu, kurahisisha mambo. Ulipoipata kadi yako ya kwanza ya utambulisho uliitazama sana.

"Na Simiyu umemwacha uwanja wa ndege?"

Nikacheka. Wewe hukucheka. Hatukulizungumza tena.

Jana nilimwambia Nanjala nataka tuchongwe wote wawili, wewe na jina la kwenu, mimi na la kwetu.

"Baba! Uko mzima, unataka kuchongwa? Kanisani watasemaje?"

Nikamwambia wenye nyumba zile za Edinburgh nao walikuwa hai. Walichonga jiwe ili wapite chini yake pamoja. Akaguna. "Baba, hapa si darasani. Saini tu." Habari ya kadi sikumwambia. Niliona haya.

Sasa gari lake linaingia. Nimelikata jina langu lililofuata lako, nimeandika Simiyu. Langu nimeliweka ubavuni. Atauliza kwa nini. Leo Uskoti naiacha. Nitamweleza nilichokufanyia.

Pumzika, Nekesa binti Simiyu.

Mumeo,
Mwalimu